Usiandike "amwaga wino" kabla hajasaini

Mleta mada, umesema mchezaji wako bado anazungumza na klabu. Sasa hapo uliposema mhariri wako kakwambia "weka AMWAGA WINO kwenye kichwa, hayo ya mazungumzo utafafanua ndani", simama hapo hapo. Usiandike. Kichwa cha habari ya michezo kinabebwa na kitenzi, na kitenzi kisitangulie tukio. Ukilishika hilo, kazi kubwa umeimaliza.

Yamenikuta haya nikiwa dawati la michezo la gazeti moja hapa Dar, dirisha la usajili liko wazi. Habari yangu ilisema kinagaubaga: straika anazungumza na klabu ya Kariakoo, dau halijafikiwa. Nikapeleka kichwa "Yuko mezani". Asubuhi nalikuta gazeti limetundikwa kwa muuzaji, herufi nyekundu ukurasa mzima: AMWAGA WINO. Ndani habari ileile, aya ya tatu inasema bado wanajadiliana. Siku hiyo hiyo jamaa yuko mazoezini na timu yake ya zamani. Meneja wake, aliyekuwa ananipa habari za uhakika, hakupokea simu yangu tena. Namuuliza mhariri, ananijibu "mbona limeuzika?" Limeuzika siku moja! La kesho yake anunue nani, wakati hata habari ya kweli watu wanaiita ya kutunga? Wahariri wa aina hii ndio wanaowaharibu vijana, na jina linalokaa juu ya habari ni la mwandishi, si lao.

Halafu angalia watu wetu wanavyosoma. Wengi wanasimama kwenye meza ya magazeti, wanapitisha macho kwenye vichwa, wanaondoka. Wengine wanasikia redio ikipitia magazeti asubuhi. Aya yako ya tatu hawaifikii. Kwa hiyo usijifariji kwamba umefafanua ndani, na nukta tatu au alama ya kuuliza mwishoni mwa kichwa hazikuokoi.

Maneno yapo, tena matamu: anukia, yuko mezani, amalizana, atua. Kila moja lina ngazi yake. Anukia ni tetesi yenye mtu wa kuisimamia, yuko mezani ni mazungumzo yanaendelea, amalizana ni dau limekubaliwa, atua ni mtu kashuka uwanja wa ndege na umemwona. Amwaga wino ni saini iko kwenye karatasi, basi.

Kwenye mechi ni hivyo hivyo. Oktoba 20, 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0 dhidi ya Simba, mechi ikaisha 3-3. Hebu fikiria "Yanga yaua" iliyopangwa wakati wa mapumziko! Na Juni 2023, fainali ya marudiano, Yanga waliifunga USM Alger 1-0 kule Algiers, lakini walishafungwa 2-1 Dar, Kombe la Shirikisho likabaki kwa wenyeji kwa mabao ya ugenini. "Yanga yaichapa USM Alger" ni kweli tupu, na bado inampotosha msomaji. Mimi ningeandika "Yanga yashinda, kombe labaki Algiers". Maneno matano, hakuna aliyedanganywa.

Yale mengine uliyouliza, rangi ya kichwa na kama tuandike Simba "yaua" au "waua", watakujibu wengine. Wewe leo, kabla ukurasa haujaenda mitamboni, omba uone kichwa. Kama bado ni AMWAGA WINO, mwambie mhariri aondoe jina lako.