Maswali ya Wasomaji: Fundi ameandika 5, mteja amepata 40

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tunaandika programu ya Python ya kusimamia ruta za Linux za mtoa huduma mdogo wa intaneti. Amri yetu ina chaguo la `--rate`, na thamani yake tunaipeleka kwa `tc` (amri ya Linux ya kudhibiti mwendo wa data mtandaoni) kama ilivyo. Fundi aliandika `--rate 5mbps`, mteja akapata megabiti 40 kwa sekunde. Tumekosea wapi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, `tc` imefanya ilichoambiwa. Kwake `mbps` ni megabaiti kwa sekunde. Megabiti huandikwa `mbit`. Baiti moja ni biti 8, ndiyo maana 5 ikawa 40. Namba isiyo na kipimo nayo huisoma kama biti, kwa hiyo `rate 5000` ni biti 5000 tu kwa sekunde. Ukihamia kwenye zana nyingine, mambo hubadilika tena: `virsh domiftune`, amri ya kusimamia mtandao wa mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa ndani ya nyingine), hupokea kasi kwa kilobaiti, ilhali `ingress_policing_rate` ya Open vSwitch, swichi ya mtandao iliyo programu, ni kilobiti. Programu iliyo juu ya zana hizi isipeleke kamwe thamani ya mtumiaji bila kuigeuza. Iwe na kipimo chake kimoja, na igeuze yenyewe.

Kipimo hicho kiwekeni kwenye jina la chaguo. OpenStack, mfumo wa kuendesha kompyuta za wingu, hufanya hivyo:

`openstack network qos rule create --type bandwidth-limit --max-kbps 5000 --max-burst-kbits 4000 --egress sera-nyumbani`

Thamani ni namba kamili tupu, na atakayeisoma skripti hiyo mwakani hatalazimika kufungua mwongozo. Hata hivyo, kwa kuwa ninyi mko juu ya `tc`, jina `--max-kbit` ni bora kuliko `--max-kbps`. Mafundi wenu wanaijua `tc`, na kwao `kbps` ni kilobaiti. Mtego uleule utarudi kwa mlango mwingine. Thamani kama `5m` ikataliwe papo hapo, na ujumbe wa kosa utaje kipimo kinachotakiwa.

Chaguo la `burst` linahitaji uangalifu wa peke yake, maana wengi huliona kama kasi ya pili. Ni kiasi cha data kinachoruhusiwa kupita kwa mkupuo kabla kizuizi hakijaanza kubana, kwa hiyo jina lake lisiwe na “kwa sekunde”. Likiwa dogo mno, TCP (itifaki inayobeba data nyingi za intaneti) haifikii kasi uliyoweka: pakiti hudondoshwa, mtumaji hupunguza mwendo, na mteja wa megabiti 5 hulalamika kwa haki. Mwongozo wa OpenStack hupendekeza asilimia 80 ya kikomo kwa TCP, yaani kilobiti 4000 kwa kikomo cha kilobiti 5000 kwa sekunde. Msilifanye la lazima. Mtumiaji asipolitaja, programu ijaze asilimia hiyo.

SWALI: Tuna `--ingress` (kinachoingia) na `--egress` (kinachotoka), lakini mafundi huzigeuza kila mara. Mteja anabanwa anapopandisha mafaili badala ya anaposhusha. — Msomaji huyohuyo

JIBU: Kosa si la mafundi. Maneno hayo hayana maana mpaka useme umesimama wapi. Kwenye OpenStack mwelekeo hutazamwa kutoka kwenye mashine pepe. Kwenye Open vSwitch `ingress` ni kinachoingia kwenye swichi. Kwa hiyo `egress` ya mashine ndiyo `ingress` ya swichi, na zote mbili ni sahihi. Kwenye ruta yenu, data anayoshusha mteja *inatoka* kwenye kiolesura kinachomwelekea.

Wapeni mafundi `--download-kbit` na `--upload-kbit`, zikimaanisha za mteja daima, na programu ndiyo itafsiri. Kumbukeni kwamba `tbf` na `htb`, aina za foleni za `tc`, hupanga foleni ya kinachotoka tu. Cha kupandishwa kibaneni kinapotoka kwenye kiolesura cha upande wa intaneti, au kielekezwe kwanza kwenye `ifb`, kiolesura bandia cha Linux. Kukibana kinapoingia kutoka kwa mteja ni kudondosha pakiti tu, bila foleni.

SWALI: Tunawezaje kuondoa kikomo? Tumejaribu `--max-kbit 0`, haifanyi kitu. — Msomaji, Kisumu

JIBU: Bila shaka ndani mna `if args.max_kbit:`. Kwa Python, 0 ni sawa na uongo, hivyo programu inadhani chaguo halikutajwa. Andikeni `if args.max_kbit is not None:`. Lakini 0 yenyewe msiipe kazi hiyo: Open vSwitch huichukulia kuwa “ondoa kikomo”, na msomaji mwingine ataielewa kuwa “funga kabisa”. Ikataeni, kisha wekeni `--no-limit` kando, ndani ya `add_mutually_exclusive_group()` ya `argparse` (maktaba ya Python ya kusoma chaguo za amri) pamoja na `--max-kbit`, ili hizo mbili zisitajwe kwa pamoja. Asiyetaja lolote aachiwe mipangilio yake ilivyokuwa.

Mkiwa hapo, wekeni pia `allow_abbrev=False` kwenye `ArgumentParser`. Bila hiyo, `argparse` hukubali `--max` kama kifupi cha `--max-kbit`, mafundi hukizoea kwenye skripti zao, na siku mtakapoongeza `--max-burst-kbit` skripti hizo zote zitakataa kwa kosa la utata.