Swali la Lugha: Mishipa Ipi, na Nani Karithi?

SWALI: Natafsiri makala ya afya. Niliandika: "Seli za mishipa hulinda ubongo katika ugonjwa wa kurithi." Mhariri kakata "mishipa" na "kurithi", kisha akashauri "hukinga" badala ya "hulinda". Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri wako kapatia mara mbili.

Mshipa ni neno pana mno. Upo wa damu, upo wa fahamu, na ukisema mzee fulani "ana mshipa", wengine watafikiria ngiri. Ukilitaja peke yake jirani na ubongo, msomaji atakimbilia mishipa ya fahamu. Andika "seli za kuta za mishipa ya damu". Lipo pia neno endothelia, la zile zilizotandazwa upande wa ndani, lakini hilo waachie madaktari.

Kwenye "kurithi" ndipo penye kazi. Anayerithi hupokea kitu kwa aliyemtangulia. Ugonjwa wa CADASIL, unaoharibu mishipa midogo ya ubongo na kuleta kiharusi, unafaa kuitwa wa kurithi: mzazi mmoja akiwa na hitilafu katika jeni ya NOTCH3, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Sasa tazama upungufu wa GLUT1, protini inayovusha glukosi, yaani sukari, kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Jeni yake, SLC2A1, ikiharibika, seli za mishipa ya damu hushindwa kuvusha glukosi ya kutosha. Damu ina sukari, ubongo una njaa, mtoto anaanguka kifafa. Wengi wa watoto hawa hawakurithi kwa yeyote, hitilafu imeanzia kwao. Ukiandika "kurithi" umewatwika wazazi mzigo usio wao. "Ugonjwa wa jeni" unabeba hali zote mbili.

Ila "hulinda" usiiguse. Kukinga ni kuzuia, kama mwavuli unavyokinga mvua (ingawa ndoo nayo hukinga maji, Kiswahili nacho!), na "kinga" tumeshaizoea kwa chanjo. Mwaka 1885 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi. Viungo vikakolea, ubongo ukabaki ulivyokuwa. Hapo ungesema seli za mishipa zimekinga rangi isiingie ubongoni. Lakini seli hizohizo huipitisha glukosi. Anayemzuia huyu na kumfungulia yule ni mlinzi.

Kosa ambalo mhariri hakuliona ni "katika ugonjwa". Seli zinamlinda mtu, basi mtaje: "Seli za kuta za mishipa ya damu hulinda ubongo wa mtu mwenye ugonjwa wa jeni."