Mwandishi mmoja, majina matatu: tumwandikeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, na mwaka huu nimekabidhiwa maktaba. Tumekwisha kuingiza vitabu kama 900 kwenye Koha, programu ya kuorodhesha vitabu vya maktaba. Tukitafuta vitabu vya Said Ahmed Mohamed, vingine vinatokea kwa "Mohamed, S. A.", vingine kwa "Said Ahmed Mohamed", na mkusanyo mmoja wa makala una "Khamis, Said A. M." Mwenzangu anashikilia kwamba ni mtu yuleyule. Jina lipi ni sahihi? Na wale wenye "bin" na "wa" tuwaandikeje?

JIBU: Mwenzako hakukosea, Mwalimu. Riwaya, tamthilia na mashairi yake hutoka kwa jina la Said Ahmed Mohamed. Makala zake za kitaaluma, hasa za miaka aliyofundisha Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, utazikuta kwa jina la Said A. M. Khamis. Majalada hayana kosa. Kosa limeingia pale kila aliyekaa kwenye kompyuta alipoandika alichokiona mbele yake, akafunga, akachukua kitabu kingine.

Kwa hiyo swali la jina "sahihi" liwekeni kando. Katalogi haiamui mtu anaitwa nani. Inachagua umbo moja la jina, inakusanya kazi zake zote hapo, na maumbo mengine yote inayaelekeza kwenye hilo moja. Enzi za kadi tulikuwa tunachapa kadi tupu kabisa, yenye mstari mmoja tu: "Khamis, Said A. M. TAZAMA Mohamed, Said Ahmed". Wanafunzi walikuwa wakidhani ni kadi iliyosahauliwa kumaliziwa, wakati mwingine wakatuletea mezani.

Koha inafanya kazi hiyohiyo kwa rekodi za majina, ambazo ni mbali na rekodi za vitabu. Fungua rekodi moja ya mtu huyu. Kwenye uga wa 100 (uga ni nafasi ya kujazia yenye namba yake) weka jina mlilochagua, na kwenye uga wa 400, unaoweza kurudiwa mara nyingi mpendavyo, wekeni maumbo mengine yote. Kisha unganisheni rekodi za majina zilizojirudia ziwe moja. Vitabu vilivyofungwa kwenye zile za zamani vitafuata. Halafu mwombe anayewasimamizia programu awashe mpangilio unaomlazimisha mwingizaji kuchagua jina kwenye orodha badala ya kulichapa mwenyewe. Bila hilo, baada ya miezi sita mtaniandikia tena.

Mimi ningechagua "Mohamed, Said Ahmed, 1947-". Mwaka wa kuzaliwa si pambo. Yupo mwandishi mwingine wa Zanzibar, Mohamed Suleiman Mohamed, na kwenye rafu ya riwaya hawa wawili ni majirani wa mlango kwa mlango. Kabla hamjaunganisha majina yoyote mawili, shikeni vitabu vyenyewe mkononi msome nyuma ya jalada. Kuunganisha ni kazi ya dakika moja. Kutenganisha watu wawili mliowafanya mmoja kutawamalizia likizo nzima.

Sasa nije kwenye "bin" na "wa", maana hapa ndipo penye kisa. Mkato ule baada ya jina la mwisho umetoka kwa watu ambao jina lao la mwisho ni la ukoo. Kwetu, mara nyingi la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Ukiandika "Haji, Muyaka bin" umemwita yule mshairi wa Mombasa kwa jina la baba yake. Jina lenye "bin", "binti" au "wa" liacheni lilivyo, lianze na la mwenyewe: Muyaka bin Haji, Ngũgĩ wa Thiong'o. Huyo wa pili ana uga wa 400 wenye kazi kwelikweli, kwa sababu vitabu vyake vya mwanzo, vya miaka ya 1960, vilitoka kwa jina la James Ngugi. Ongezeni hapo na jina lisilo na vialama juu ya herufi, maana mwanafunzi hatazichapa.

Shaaban Robert je? Robert naye ni jina la baba, na wapo wanaomwandika Shaaban bin Robert. Lakini vitabu vingi vya Kiswahili, kwenye marejeo, vinamwandika "Robert, S.", na mwanafunzi atakuja na alichokiona huko. Mimi ningemweka kwenye Robert, na Shaaban ningeiweka kwenye 400. Mkutubi mwingine atafanya kinyume na hatakuwa amekosea, mradi asimweke kotekote.

Mtauliza kwa nini nahangaika hivi kwa vitabu 900. Angalieni migongo yake. Katika mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, fasihi yote ya Kiswahili iko kwenye 896.392: ukiongeza 1 ni ushairi, 2 tamthilia, 3 hadithi na riwaya. Katika shule yenu hiyo 896.3923 peke yake huenda ikajaza rafu kadhaa, na namba haitasaidia tena kumtenga mtu na mtu. Kinachobaki kupanga rafu ni zile herufi tatu chini ya namba, na herufi hizo zinatoka kwenye jina mlilochagua. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vya Said Ahmed Mohamed viko kwenye MOH na vingine, naamini, viko kwenye SAI.

Tenzi za kale zina tatizo hilohilo upande wa anwani, yaani jina la utenzi wenyewe. Utendi wa Tambuka, wenye nakala ya mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Chagueni anwani moja, ya pili ielekezwe huko.

Anzeni kwa kuchapisha orodha yote ya waandishi kwa alfabeti. Mmoja asome kwa sauti, mwingine ashike penseli. Sikio hunasa majina yanayofanana ambayo jicho limeyapita. Na lebo za SAI zibandueni taratibu, mkizipasha kwanza kwa kikaushio cha nywele, kwa sababu gundi yake huondoka na rangi ya jalada.