Kabla hujanunua chipu ya TPM, fungua BIOS kwanza

Mkuu wa Makorora, umesema Windows 11 imegoma kuingia kwenye kompyuta yako ya mezani, fundi akakwambia ununue chipu ya TPM, ile ya kutunza funguo za siri ambayo Windows 11 inaidai, uichomeke kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Mimi nilinunua. Mara mbili, na zote sikuzihitaji.

Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, mashine yangu ni Core i5 ya kizazi cha 8. Niliposikia Windows 10 mwisho wa kuhudumiwa ni tarehe 14 Oktoba 2025, nikaagiza chipu mtandaoni kwa kutazama picha tu. Ikaja, kadogo kama ukucha wa dole gumba. Naifikisha kwenye mazabodi, yenyewe ina matundu ya pini 20, soketi yangu ya 14. Nikabaki nayo mkononi.

Soketi hizi zipo za 12, 14, 18 na 20. Pini moja huondolewa makusudi, na tundu lake kwenye chipu huzibwa, ili usichomeke kinyume. Halafu idadi kulingana haitoshi: kuna chipu za LPC na za SPI, yaani njia mbili tofauti za kuongea na mazabodi, na mpangilio wa pini hutofautiana kati ya watengenezaji. Soma kijitabu cha mazabodi yako, utafute chipu kinayoitaja.

Nimeshaagiza ya pili ndipo jirani yangu fundi akaniuliza, "Yakhe, BIOS umeangalia?" BIOS ni ile menyu ya mipangilio unayoifungua kabla Windows haijawaka. Kumbe TPM ninayo ndani ya mashine, imezimwa tu. Kwa Intel inaitwa PTT, kwa AMD fTPM. Nikaiwasha, nikahifadhi, nikaandika tpm.msc kwenye Windows: toleo 2.0, bure kabisa. Nikafunga diski kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe.

Chipu ya pili ilipofika, ubishi ukanipanda. Hela imeshatoka, itakaaje droo? Nikachomoa waya wa umeme, nikashika chuma cha kasha kutoa umeme tuli, nikasugua pini kwa spiriti (hewa ya chumvi ya bahari yetu mnajua inavyoleta kutu), nikaichomeka. Kuwasha, skrini ya buluu inadai tarakimu 48 za ufunguo wa akiba wa BitLocker. Funguo za diski zilikuwa kwenye ile TPM ya ndani, hii mpya haizijui. Tarakimu nilizichapa kwenye karatasi, na kijana wa dukani keshaigeuza ya kujaribia wino. Tuliikuta kwenye rundo la karatasi chakavu, ina mistari ya rangi nne, namba zinasomeka kwa taabu. Ningesitisha BitLocker kwanza, nisingetoka jasho vile.

Sababu ya maana ya kununua niliyoiona ni moja: mwaka 2022 AMD walikiri kuwa fTPM inafanya baadhi ya mashine kukwama-kwama. Dawa ilikuwa kusasisha BIOS, au kutumia chipu ya pembeni kwa mazabodi zinazoikubali.

Ila wewe, mkuu, hukutaja prosesa. Kama ni Intel ya kizazi cha 6 au cha 7, hata uchomeke chipu ya dhahabu, karibu zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11, itakataa vilevile. Weka hapa jina la prosesa na la mazabodi kabla hujatuma hela. Ile ya pini 20 bado ipo dukani. Ikikufaa njoo uichukue.