Maswali na majibu: Mkaguzi wa Gogol jukwaani

Kikundi chetu hapa Bagamoyo kimeanza tena mazoezi ya *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, ramsa (tamthilia ya kuchekesha) ya mwandishi wa Kirusi Nikolai Gogol, na maswali yamemiminika.

Shikamoo mwalimu. Sijaisoma. Inahusu nini? (Msomaji, Dunda)

Marahaba. Wakubwa wa mji mdogo huko Urusi wanasikia kuwa mkaguzi anakuja kwa siri. Wana mengi ya kuficha: hakimu anapokea rushwa ya vitoto vya mbwa wa kuwindia, mkuu wa posta anafungua barua za watu. Katika nyumba ya wageni amekwama kijana Khlestakov, karani mdogo aliyemaliza pesa kwenye karata. Wanadhani ndiye. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1836, Tsar (mfalme wa Urusi) Nicholas I akiwa miongoni mwa watazamaji.

Nimepewa Khlestakov. Nimfanye tapeli mjanja kiasi gani? (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

Usimfanye mjanja hata kidogo, mwanangu. Gogol mwenyewe hakuridhika na mwigizaji wa kwanza, kwa kuwa alimcheza kama mwongo wa vichekesho vya kawaida. Khlestakov hakuja kudanganya mtu. Ana njaa, anadaiwa, na mkuu wa mji anapoingia chumbani anadhani amekuja kumkamata. Mkuu wa mji naye anadhani kazi imeota nyasi. Wote wawili wanatetemeka, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na kicheko chote kinatoka hapo. Baadaye, akishalewa, maneno yanamtoka yenyewe: supu iliyoletwa kwa meli kutoka Paris, matarishi 35,000 wanaomtafuta mitaani. Kila neno analiamini wakati analitamka. Ukiwakonyeza watazamaji, umeliua onyesho.

Mtazame sana mwenzako anayecheza mkuu wa mji. Kila ninaporudia kusoma, ndiye anayenivuta zaidi: miaka 30 kazini, magavana watatu amewazunguka, leo anababaishwa na kijana asiye na nauli. Ana uchungu wa kweli, na auoneshe.

Kwa nini msiihamishie Bagamoyo? (Msomaji, Kaole)

Haihitaji. Mkuu wa mji anaamuru mtaa ufagiliwe na wagonjwa wavalishwe kofia safi. Aliyewahi kuona mawe ya barabarani yakipakwa chokaa kwa sababu ya ziara ya mkubwa ameshaelewa.

Mwishoni wote wanaganda. Watazamaji wetu hawatapiga miluzi? (Mwongozaji, Majengo)

Watapiga, mwanzoni. Gogol aliandika karibu dakika moja na nusu, na mimi sikubali ipunguzwe. Askari ametangaza kuwa mkaguzi wa kweli amefika. Hakuna la kusema tena. Mpe kila mtu mkao wake, uzito kwenye miguu yote miwili, macho yakiwa na mahali pa kutazama. Mkuu wa mji asimame katikati, mikono ameitanua, kichwa amekirudisha nyuma. Miluzi ikikatika, ukumbi utaanza kuwatazama wakubwa hao mmoja mmoja. Anzeni kuifanyia mazoezi sehemu hii wiki ya kwanza.