Fukusi wa magugu maji hawali miembe

Mkuu uliyeuliza kama fukusi wa magugu maji watahamia kwenye miembe yako hapo ufukweni Ukerewe: hapana, hawana habari na mwembe. Fukusi hao (jina la kitaalamu Neochetina) wanaishi kwa gugu maji. Fukusi mkubwa anaparua majani, ila kazi hasa ni ya funza wake: anatoboa kikonyo cha jani hadi kwenye kiini, mmea unaoza na kuzama. Waliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1990, asili yao Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Na kwa kuwa wanaishi kwa gugu maji tu, hata nyasi za chini ya miembe hawatakusaidia kuzimaliza. Huko ni jembe, au kondoo (miche michanga wataimaliza, nakuambia!). Gugu lililoopolewa likikauka ni matandazo mazuri, usiligusishe shina tu.