Maswali ya Wasomaji: Kutembea Vijijini Uingereza Majira ya Machipuko

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni muuguzi ninayeishi Reading, na mwishoni mwa Aprili namtarajia mama yangu mzazi kutoka Tanga. Ana miaka 66 na shamba lake bado analilima mwenyewe. London alikwishaiona, safari hii anataka kuona vijiji. Nimeshauriwa nimpeleke Cotswolds, eneo la vilima na vijiji vya mawe, ila nasikia njia za huko hupita katikati ya mashamba ya watu. Je, huko si kuingilia mali ya watu? Na kwa siku moja, bila gari, twende wapi?
Msomaji, Reading

JIBU: Dada, ondoa hofu. Katika Uingereza na Wales njia ya miguu ya umma ni haki ya kila mpitaji, awe mwenyeji au mgeni, hata kama ardhi inayopitiwa ni mali ya mtu binafsi. Sheria ya 1949 ilizitaka halmashauri za majimbo kuzichora njia hizo katika ramani rasmi, na tangu hapo mwenye shamba hana mamlaka ya kuifunga njia kwa sababu tu haipendi. Akilima shamba lililokatizwa na njia, hupewa siku 14 tangu kuanza kulivuruga ili airudishe njia ionekane na ipitike, yenye upana usiopungua mita moja. Kwa hiyo mkikuta njia imekata katikati ya ngano, piteni humo humo katikati. Mkizunguka pembeni kwa kuona haya, hapo ndipo mtakapokuwa mnakanyaga pasipo na ruhusa. Alama ya kufuata ni mshale wa manjano uliopigiliwa kwenye nguzo au geti. Mshale wa buluu ni wa njia inayoruhusiwa pia farasi na baiskeli.

Ama kuhusu mahali, ningependekeza mwende Bourton-on-the-Water, kisha mtembee hadi Lower Slaughter na Upper Slaughter. Kutoka Reading pandeni treni hadi Moreton-in-Marsh, na hapo mchukue basi la Bourton. Fikeni asubuhi, kwa kuwa kufikia saa sita mchana Bourton hujaa watalii hata madaraja yake mafupi ya mawe juu ya mto Windrush hayapitiki kwa raha. Kwa maoni yangu kijiji hiki kimegeuka zaidi kuwa mtaa wa maduka ya aiskrimu na zawadi, na nusu saa inakitosha, isipokuwa kama mama atapenda kuona mfano mdogo wa kijiji chenyewe, uliojengwa kwa mawe kwa kipimo cha moja ya tisa na kufunguliwa 1937.

Mkitoka Bourton mtavuka barabara kuu iliyofuata mkondo wa Fosse Way, barabara ya Warumi iliyounganisha Exeter na Lincoln, na baada ya hapo kelele za magari hubaki nyuma. Kutoka Bourton hadi Lower Slaughter ni takriban kilomita mbili za njia tambarare. Mtakutana na mageti ambayo humshangaza mgeni: geti dogo linacheza ndani ya uzio uliopinda nusu duara, unalisukuma kidogo, unajibana pembeni, unalirudisha nyuma ya mgongo wako, ndipo unatokea upande wa pili. Mtu hupita mmoja mmoja, ng'ombe hawezi, na hakuna atakayesahau kulifunga kwa sababu haliachi nafasi ya kubaki wazi.

Lower Slaughter ndipo mahali pa kwenda polepole. Mto Eye, ambao kina chake ni kifupi, hupita katikati ya kijiji, na nyumba za pande zote mbili zimejengwa kwa jiwe la chokaa la hapo hapo, lenye rangi ya asali, hata mapaa yake mengi yakaezekwa kwa vigae vya mawe. Mwambie mama atazame kinu cha zamani cha kusaga nafaka penye kona ya mto, kwani gurudumu lake la maji bado lipo, na kando yake limesimama dohani la matofali mekundu la karne ya 19, la wakati wa mvuke, lisilofanana na kitu kingine chochote kijijini. Wapo wanaosema linaharibu mandhari. Mimi naona ndilo linalokumbusha kwamba watu walifanya kazi hapa.

Kutoka hapo hadi Upper Slaughter ni zaidi kidogo ya kilomita moja, kupitia malisho ambayo mvua ikinyesha huwa tope tupu, kwa hiyo vaeni gambuti au viatu vigumu. Upper Slaughter ni kijiji kimya zaidi, chenye kanisa ambalo asili yake ni enzi ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa karne ya 11, na nyumba kadhaa ambazo msanifu Edwin Lutyens alizifanyia kazi 1906. Katika vijiji vingi vya Uingereza mtaona mnara wenye majina ya waliokufa vitani. Hapa wanajeshi wote walirudi hai kutoka vita kuu zote mbili, na kibao kilichomo katika ukumbi wa kijiji kina majina ya waliorudi.

SWALI: Nitapita njia hiyo na watoto wawili mwezi Mei. Tutaona wanyama gani, na je, ng'ombe ni hatari?
Msomaji, Leicester

JIBU: Kondoo na wana wao mtawaona bila kutafuta. Mtoni kuna bata, na angani mbayuwayu waliorudi kutoka kusini mwa Afrika. Mkibahatika mtamsikia kekeo, ndege atagaye katika viota vya wenzake. Watafiti wamekuwa wakimfuatilia kwa vifaa vya satelaiti tangu 2011, wakathibitisha kwamba kekeo wa Uingereza hukaa miezi ya baridi katika misitu ya bonde la Kongo, ingawa idadi yao Uingereza imepungua sana. Pembeni mwa Bourton ipo hifadhi ya Greystones, ndani ya eneo la ngome ya Enzi ya Chuma, ambako wanaishi fisi maji na panya wa maji. Huyo wa pili watoto wamtambue kwa pua yake butu na masikio yaliyofichwa na manyoya.

Ng'ombe wengi hawana shida, lakini mwenye ndama humwona mbwa kama adui. Msipite kati ya mama na ndama wake, msikimbie, na mkiwaona wamejikusanya njiani wazungukeni kwa mbali, hata kama ni kuiacha njia kidogo. Mkiwa na mbwa, mfungeni kamba. Lakini ng'ombe wakiwavamia mwachieni, kwa kuwa wanamfuata yeye na mbio zake zinamtosha. Na kabla ya kuondoka nyumbani tazameni ratiba ya basi la kurudi Moreton, hasa ikiwa ni Jumapili.